Samaki kwa Watu wa Ng'ombe

Mimi ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani ukimnyima samaki umemnyima usingizi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msije mkaniona mlafi. Nilifika Dodoma pamoja na reli ya Mdachi, kazi yangu kuchonga mawe. Tulijenga stesheni, tukajenga nyumba za mabwana wa reli, tukajenga na kuta ambazo mpaka leo sijui zilikuwa za kuzuia nini. Mawe yalikuwepo, upepo ulikuwepo, vumbi lilikuwepo la kula na kusaza, na ng'ombe usiseme. Samaki ndiye hakuwepo. Wenyeji walikula ugali wao wa uwele kwa mlenda, siku njema kwa maziwa au nyama, na ukiwatajia samaki waligeuka pembeni wakatema mate kwa adabu. Kwao samaki alikuwa nyoka aliyekosa nchi kavu.

"Mnakula kitu kisichopepesa macho?" aliniuliza mmoja wao, kwa huruma kabisa.

Reli ndiyo iliyotuokoa. Gari la moshi lilipoanza kupita vizuri, likawa linatuletea nguru wa chumvi na ng'onda, wale samaki wa kupasuliwa na kuanikwa, kutoka pwani, na kutoka upande wa pili, kwenye bwawa la Bahi, likaleta kambare waliokaushwa kwa moshi. Mara hoteli zikazuka nyuma ya stesheni, nyumba za udongo tu, jiko uani na mkeka mbele, na harufu inayokukamata shati ukiwa bado uko kazini. Mafundi, makuli, matarishi, wapagazi waliokosa kazi kwa sababu ya hiyo hiyo reli, wote tulikuwa humo. Na mimi, bila kujisifu, ama basi nijisifu kidogo, nilikuwa ndiye mtu wa kuulizwa. Fundi mgeni akishuka kwenye gari, hata mzigo hajatua, anaambiwa: kamwone yule mchonga mawe, atakuambia leo samaki yuko wapi. Nilikuwa nikijua nani kabadilisha mafuta, nani kapika cha jana, nani kagombana na mkewe na chumvi ikaonyesha.

Halafu yakaja mapenzi, yakaharibu kila kitu.

Palikuwa na binti wa Miyuji, kijiji cha wenyeji nje kidogo ya mji, aliyeleta maziwa kwenye kazi yetu kila asubuhi, kibuyu kikubwa cha mdomo mpana kichwani, shingo imenyooka, macho yanacheka kabla mdomo haujacheka. Tumbo langu na maziwa havikuwahi kupatana tangu utoto. Lakini nilinunua kila siku, nikayanywa mbele yake huku nikitabasamu, na ikifika mchana najiugulia nyuma ya lundo la kokoto.

"Wewe unakunywa kama mtu aliyepewa dawa," aliniambia siku moja.

"Ni utamu," nikasema. "Utamu ukizidi nakunja uso."

Alicheka mpaka akashika kibuyu kwa mikono miwili. Siku hiyo hiyo nikakata shauri kuoa.

Nilituma mshenga, nikajipinda nikapata ng'ombe, nikawapeleka Miyuji. Baba yake alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko shamba. Aliwazunguka ng'ombe wangu akiwagonga mbavu. Kisha akanizunguka na mimi, na nikaona kabisa kwamba ng'ombe walimfurahisha zaidi. Habari ya dini tuliimaliza upesi, alisema mwenye kuleta mvua ni mmoja na hajali anaitwaje. Baada ya hapo akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha kidole kwenye mdomo wangu.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo penye shida yangu. Nimesikia wewe unakula samaki."

"Mara moja moja, baba," nikajibu. Mshenga wangu akakohoa.

"Mla samaki hakanyagi zizi langu. Ng'ombe watakatika maziwa, watakufa, na mimi nitakuwa maskini kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine. Ukimtaka binti yangu, uache. Hutaki, ng'ombe wako hao, na njia ya mjini ndiyo ile."

Nikamtazama binti, amesimama mlangoni mwa tembe, nyumba yao ya paa la udongo, anajifanya anafagia mahali palipofagiwa. Nikala kiapo mbele ya ndugu za baba yake wote kwamba mimi na samaki basi, mpaka naingia kaburini. Nikarudi mjini nimepata mchumba na nimefiwa na ulimi. Jioni ile nikapita mbele ya hoteli zote nimeziba pua kwa ncha ya kanzu, na watu wakadhani nina msiba.

Hiyo ni shida ya kwanza. Ya pili ilikuwa mama yake.

Kwetu pwani mama wa mke tunamheshimu, lakini tunamwona. Kule Miyuji, binti alinifundisha kwa makini, mama yake nisimwone na yeye asinione. Jina lake nisilitaje. Nisile mbele yake, naye asile mbele yangu. Sauti yangu asiisikie ikimlenga, na yake mimi isinifikie. Lililo zito kuliko yote, nisitamke kabisa habari ya chochote kinachoingia kinywani mwake. Mwanaume akisema mama wa mchumba wake kala nini, hata akisema kala ugali, ni sawasawa na kumvua nguo sokoni.

"Na nikikutana naye njiani?" nikauliza.

"Unaingia porini."

"Na yeye?"

"Na yeye anaingia porini, upande wa pili."

Nikaona ni mzaha. Haikupita muda, ninaenda Miyuji na kipande cha kaniki cha zawadi, napinda kona, yule mbele na kuni kichwani ni mama mtu mzima mwenye shingo ile ile ya binti. Lahaula! Nilijirusha porini bila kuchagua. Kichaka nilichokipata kilikuwa cha miiba, ile ya kuvuta nyuma, na kilinipokea kwa furaha. Nikasikia naye amejitupa upande wa pili na kuni zake zote. Basi tukakaa. Mimi nangoja apite, yeye anangoja nipite. Jua linapanda, mchwa wananipanda. Ng'ombe mmoja akaja akasimama katikati ya njia, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatuacha na mambo yetu. Mwisho nikarudi mjini kwa kutambaa, na ile kaniki imebaki mtini.

Kesho yake binti alipokuja na maziwa, alikuwa amejikaza asicheke.

"Mama anasema asante kwa heshima yako," akaniambia. "Anasema pia siku nyingine uchague kichaka kikubwa kidogo."

Tangu hapo nikajua ndani ya lile tembe kuna mtu ambaye ningependa sana kuzungumza naye, na sitazungumza naye kamwe.

Sasa sikilizeni lililofuata. Asubuhi moja binti alipima maziwa yangu, akatazama huku na huku, akainama kama anayefunga kifuniko.

"Mama anauliza," akasema polepole, "samaki wa hapa mjini, mzuri yuko hoteli gani?"

Nikajua ni mtego. Baba yake kamtuma mkewe, mkewe kamtuma binti, nami nikijibu tu nimekwisha. Nikajitia hamnazo.

"Samaki?" nikasema. "Samaki ni kitu gani?"

"Acha ujinga," akasema binti. "Mama kazaliwa Bahi, ukingoni mwa bwawa. Amekua akila kambare. Baba alipomposa alimwapisha kama alivyokuapisha wewe. Tangu siku ile hajatia mdomoni. Sasa kila gari la moshi likitoka Bahi upepo unaleta harufu mpaka kwetu, anasimama uani anavuta pumzi. Juzi aliunguza mlenda."

Nilikaa juu ya jiwe langu, patasi mkononi. Mimi nilikuwa na majuma machache tu tangu niache, na tayari nilikuwa nikiota nguru. Yule mama alikuwa ameacha kabla mimi sijaota ndevu. Nilimhurumia mpaka nikasahau kuogopa.

"Mwambie nitamtafutia," nikasema. "Aliye bora mjini."

Sasa hapa kuna jambo wanasheria wa barazani wataniuliza: kiapo je? Samaki utamjuaje ni mzuri bila kumwonja? Nami nawajibu kama nilivyojijibu siku ile. Kuonja si kula. Kula ni pale unapomeza kwa ajili ya tumbo lako. Ukimeza kwa ajili ya tumbo la mtu mzima mwenye heshima zake, hiyo ni kazi. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa.

Nilianza kwa Mwarabu aliyekuwa jirani na bohari la reli, kwa sababu kwake ndiko nilikokuwa nikila siku zote. Nguru wa chumvi, wali wa samli, pilipili ya kukaanga. Nilifunga kipande cha mgongo kwenye jani, binti akakificha ndani ya fundo la kaniki yake, akaenda nacho. Asubuhi jibu likaja.

"Mama anasema huyu aliuawa na maji, akauawa tena na chumvi, na mpishi akammalizia."

Ala! Nguru wangu! Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia binti kwamba pwani nzima ingelikuwa shahidi wangu. Binti akaniambia pwani nzima haikuulizwa.

Nikaenda kwa Mgiriki, aliyekuwa na kantini ya wasimamizi, akiuza samaki wadogo wa mkebe waliolazwa kwenye mafuta, vichwa hawana. Nilimwahidi mpishi wake kumjengea jiko la mawe ili anipenyezee mkebe mmoja. Jibu: mama anasema amewahurumia sana, walikuwa wamefungwa jela pamoja na hawakuelezwa kosa, mafuta kajipaka miguuni.

Halafu bibi mmoja wa Kimanyema, mpishi wa kweli, aliyepika ng'onda kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu na unang'aa. Huyo alikuwa mkali. Ukiacha chakula anakufuata nje kukuuliza umefiwa na nani. Nilipomwomba kipande cha kwenda nacho, akashika kiuno.

"Cha kwenda nacho wapi? Chakula changu kinaliwa hapa, nikikiona kinaingia."

"Kuna mgonjwa, bibi."

"Mgonjwa gani?"

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka: nisitamke. Hata mjini, hata kwa mtu asiyemjua, mdomo ule usitajwe. Nikafunga mdomo. Bibi akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu vibaya.

"Aha. Mgonjwa mwenyewe anavaa kanga?"

Kufikia alasiri mtaa mzima wa reli ulikuwa umeshajua kwamba mchonga mawe, aliyeposa Miyuji, ana mwanamke mjini anayemlisha ng'onda. Nikaapa, nikakana, nikazidi kujichafua. Na jibu la mama, baada ya aibu yote hiyo: mchuzi mzuri sana, mpishi apewe salamu, lakini samaki anaimba kwa sauti ya mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoelewa ninashughulika na nani. Nilikuwa nimejiona bingwa wa mji mzima, na huyu mtu asiyefika hata karibu na majiko yale alinigundua kila safari kwamba nimeleta sifa za mpishi badala ya samaki. Nikaanza kumpenda yule mama. Nikawa nakula, samahani, nakuwa kazini, huku nikijiuliza: angesemaje? Na kila jibu lake lilipofika nilicheka peke yangu juu ya mawe, wenzangu wakadhani jua limenipata.

Hoteli iliyobaki ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeipita siku zote kwa dharau. Mwenyewe alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mkimya, aliyeshuka na asali yake kuuza akabaki. Kwake hapakuwa na wali. Fikirini! Hoteli ya samaki isiyo na wali. Alikuwa na ugali wa uwele, basi, na kambare wa Bahi, ambaye sisi wa pwani tulimwita samaki wa matope. Nikaingia nimekunja uso. Mrangi hakuniuliza nitakula nini, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchagua. Alimchukua kambare aliyekauka, akamwosha maji ya moto, akamweka pembeni mwa jiko mbali na mwali, akamwacha. Nikangoja. Nikamwuliza kama kamsahau. Kisha akamtia kwenye chungu na karanga za kusaga na chumvi ya kuogopa, akafunika, akakaa kitako akatazama ukuta.

Nilipoonja nilinyamaza, na wanaonijua watawaambia hilo si jambo dogo. Alikuwa samaki tu. Moshi ulikuwa nyuma, karanga chini, lakini mbele alikuwa yeye mwenyewe, na utamu wa maji yaliyotulia. Nilifunga kipande cha mkia, nikampa binti, nikasema usiniletee mzaha kesho.

Kesho yake hakuleta mzaha. Alileta jani, limeoshwa, na ndani yake miiba, imepangwa.

"Kasemaje?"

"Hakusema kitu. Alilia."

"Alilia? Kwani samaki kaharibika?"

"Wewe nawe! Alilia tu, akanifukuza nikalete maji."

Ikawa desturi. Kila samaki mpya akifika kutoka Bahi, mimi kwa Mrangi, binti na fundo lake, na mwezi ule yule mama, binti aliniambia, alikuwa akiimba akitwanga. Hata baba yake alifurahi, akasema nyumba imebarikiwa tangu nimeacha samaki, akapanga siku ya kumaliza mambo yetu na pombe ikaanza kukorogwa.

Siku mbili kabla ya hiyo, ndipo nilipofanya ujinga ambao ni mtu wa pwani pekee anayeweza kuufanya.

Binti alikuwa sokoni anamaliza maziwa yake. Nimefika na kambare, safari hii sehemu ya mbele nzima, kichwa na kifua, Mrangi alikuwa amenipa kwa heshima. Kabla sijamkabidhi, tazama, baba yake huyo anakuja na fimbo yake! Alikuwa ameleta ngozi kuuza, sasa anamtaka binti waongozane nyumbani. Binti akaenda kumpokea mzigo. Mimi nimesimama na samaki mkononi, kiapo shingoni, na baba mtu hatua chache. Mbele yangu kibuyu kipo wazi na maziwa kidogo chini. Kwetu kibuyu ni kibuyu. Unatia maji, unatia tembo, unatia pesa. Nikamtumbukiza kambare, nikafunga kifuniko, nikasimama wima.

"Mbukwenyi, baba!" nikamsalimu kwa Kigogo safi kabisa.

"Umejifunza," akasema, na akanipiga bega. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa.

Nikamkonyeza binti, nikamwonyesha kibuyu kwa kidevu. Alidhani namsifu namna anavyokibeba. Akaona haya, akakipandisha kichwani, wakaondoka. Nami nikabaki najipongeza kwa akili zangu.

Hakuna aliyeniambia kwamba kwa watu wa ng'ombe kibuyu cha maziwa hakiingizwi hata maji ya kunywa. Kinafukizwa kwa kijinga cha mti maalumu, kinaning'inizwa mahali pake, na mtoto akikigusa na mkono wenye nyama anachapwa. Na hakuna aliyeniambia kwamba jua la njia ya Miyuji lingemtia baba kiu. Nilielezwa baadaye. Alimsimamisha binti, akachukua kibuyu, akainua kichwa, akafungua kinywa, akakiinamisha. Maziwa yakaja kidogo. Kisha kikaja kichwa cha kambare, na masharubu yake, kikasimama uso kwa uso na masharubu ya mzee.

Asubuhi walikuja kunichukua ndugu zake wawili. Hawakusalimu. Walisema tu, "Unaitwa." Wenzangu wakaweka nyundo chini, mmoja akaniambia pole kabla sijafiwa.

Miyuji watu walikuwa wamejaa mbele ya tembe. Baba kwenye kigoda, ndugu na majirani wamekaa nusu duara, ng'ombe wangu wamefungwa pembeni. Katikati, juu ya ngozi, amelazwa kambare. Binti amesimama mlangoni, macho yamevimba. Mama haonekani, lakini nilijua yuko nyuma ya ukuta ule.

"Mimi sijakuita mkwe," baba akaanza. "Kesho ndiyo nilitaka nikuite, mbele ya hawa wote. Sasa niambie. Huyu ni wa nani?"

"Wangu, baba."

"Umekula?"

"Nilionja."

Watu wakaguna. Ile hoja yangu nzuri ya kuonja na kula, niliyoinoa majuma mengi, ilinifia mdomoni.

"Binti yangu anakula samaki?"

"Hapana! Wallahi, hajawahi, na hakujua yumo humo."

"Basi alikuwa akija nyumbani kwangu kwa nani? Kibuyu kinakula? Au ulimletea mbwa wangu?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, mbwa. Nikakumbuka mbwa huyo angekuwa nani. Nikaufunga upesi mpaka meno yakagongana. Nikisema ukweli, ninamvua nguo mama wa watu mbele ya ukoo mzima, na binti sitampata. Nikinyamaza, mimi ni mwongo aliyetia nyoka kwenye maziwa, na binti sitampata vilevile. Nikanyamaza. Nilimtazama binti nikaona ananitazama, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakucheka hata kidogo. Niliumia, jamani. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Hana la kusema," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka kuliko ya hasira. "Mfungulieni ng'ombe wake."

Wakaanza kufungua kamba. Machozi yananitoka, nayafuta kwa kofia. Hapo nikasikia wanaume wote wamevuta pumzi kwa pamoja, na nyayo zinatoka ndani ya tembe. Binti akapiga ukelele, "Mama!" Nikageuka upesi, nikajifunika uso mzima kwa kofia yangu, maana kichaka hakikuwepo. Kwa hiyo lililofuata sikuliona. Nililisikia.

Nyayo zilipita karibu nami, zikasimama kwenye ngozi. Mtu akaketi. Kisha nikasikia mtu anakula kambare. Alikula taratibu, anavunja kichwa, anafyonza, anautoa mwiba kwa ulimi na kuuweka chini. Mwanamke aliyekuwa hajapata kula mbele yangu, wala kuvuka kivuli changu, alikula kipande chote mbele ya mumewe, mashemeji zake na mimi.

"Alikuwa akija kwangu," akasema. Sauti yenyewe ilikuwa nene, imetulia. "Kijana kanifichia siri. Wewe uliponioa ulisema mdomo wangu unuke maziwa. Umenuka maziwa mpaka meno yamepungua. Mama yangu alikufa Bahi, nikaenda kumzika, na pale msibani nikakataa chakula cha mama yangu, ndugu zangu wakaniona nina kiburi. Yote kwa ajili ya ng'ombe wako. Mwaka sotoka ilipoua ng'ombe nilikuwa nimekula mwiba gani? Nilikuwa sijagusa hata mwiba, na zizi lilibaki tupu, tukala mizizi. Sasa unamfukuza na huyu. Nani atakayemwoa mtoto wangu, mtu asiye na mdomo?"

Ng'ombe wangu mmoja alilia. Niliamini kabisa baba atainuka na fimbo, nikajiweka tayari kupigwa mimi badala yake. Nikasikia kigoda kimelia, kikanyamaza. Akapumua sana.

Kisha yule mama, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni, akanigeukia.

"Kijana. Huyu umemtoa hoteli gani?"

Mimi nimeganda. Nimefundishwa nisiisikie sauti yake, nimeisikia. Nimefundishwa nisiseme naye kitu, na zaidi ya yote nisiseme juu ya chakula chake. Nikazidi kukandamiza kofia usoni.

"Nakuuliza wewe mchonga mawe. Hoteli gani?"

Nikatikisa kichwa ndani ya kofia.

"We mtu wa pwani!" baba akafoka, ameshika fimbo, hasira yote imepata pa kutokea. "Huna adabu? Mama mkwe wako anakuuliza, unamnyamazia?"

Neno hilo, mkwe, lilipomtoka alilisikia. Sote tulilisikia. Ndugu yake mkubwa akapiga kofi pajani, akawaambia wale wa kamba warudishe ng'ombe zizini, na nyuma ya kofia yangu nikamsikia binti anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kwa Mrangi, mama," nikasema, macho nimeyafumba. "Nyuma ya stesheni. Hana wali."